Saratani ya tumbo ndani ya ukoo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Dodoma na kanda ya kati

Kwetu wamekufa watu watatu kwa ugonjwa wa tumbo. Hiyo ni saratani ya kurithi?

Inawezekana, ila mara nyingi siyo. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya mfuko wa chakula, takriban 10 wana ndugu mwingine aliyeugua, na ni 1 hadi 3 tu ambao ugonjwa wao umetokana na jeni moja waliyoirithi. Wengi wa waliobaki kati ya hao 10 wameugua pamoja kwa sababu wameishi pamoja: bakteria yule yule aitwaye H. pylori, chakula kile kile cha chumvi nyingi, tumbaku ile ile.

Tena "tumbo" ni pana. Aliyetapika damu huenda alikuwa na ini lililoharibiwa na kichocho au homa ya ini B. Aliyekuwa anakwamwa na chakula kifuani huenda alikuwa na saratani ya umio. Mama aliyejaa maji tumboni huenda ilikuwa saratani ya ovari. Hivyo kabla hamjachangishana fedha za kipimo cha vinasaba, fanyeni kazi mbili za gharama ndogo: kuuandika ukoo sawasawa, na kupima H. pylori kwa ndugu wa karibu wa mgonjwa. Kwa familia nyingi za huku kwetu, kazi hizo mbili zina faida kubwa kuliko kipimo cha jeni chenyewe.

Ukoo unaandikwaje?

Daftari moja, vizazi vitatu, na mzee mmoja au wawili wenye kumbukumbu. Shangazi na bibi huwa wanajua zaidi kuliko wanavyoulizwa. Kwa kila mtu andika jinsia, umri alipogundulika, umri alipofariki, kiungo kilichougua, na hospitali aliyotibiwa. Andika pia waliofika uzeeni wakiwa wazima, maana mtaalamu anahitaji kuwaona wote.

Makosa yanayotokea ni haya. La kwanza ni undugu. Baba mdogo anaweza kuwa mdogo wake baba wa tumbo moja, au mtoto wa mdogo wake babu, au rafiki wa familia aliyekulia nyumbani. Kwa heshima wote ni baba wadogo, kwa jeni hawalingani hata kidogo. Andika "mtoto wa nani na nani" kwa kila jina, na pale mzee alipokuwa na wake wawili au watatu, tenganisha watoto kwa mama zao.

La pili ni kusahau upande wa mama. Jeni za hatari hutoka kwa baba au kwa mama kwa uwezekano ule ule, na mwanamume anaweza kumrithisha bintiye hatari ya saratani ya titi bila yeye mwenyewe kuugua chochote. Ukoo ulioandika upande mmoja tu ni nusu ya ukoo.

La tatu ni umri. Pale ambapo hakuna cheti, ulizia kwa matukio: alizaliwa kabla au baada ya Operesheni Vijiji? Alikuwa ameoa wakati wa Vita vya Kagera? Tofauti ya miaka 3 haiharibu kitu, lakini tofauti kati ya miaka 35 na 60 inabadilisha uamuzi mzima.

Uliza pia mambo ambayo watu hawayahusishi na tumbo: saratani ya titi, ya utumbo mpana, ya mji wa mimba, na mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura au kaakaa lililopasuka. Hilo la mwisho hufichwa, kwa hiyo liulizwe kwa upole na faraghani. Na kila karatasi ya hospitali iliyobaki sandukuni ipigwe picha kwa simu kabla mchwa hawajaifikia. Yenye thamani kuliko zote ni majibu ya patholojia, yaani ya kinyama kilichoangaliwa kwa hadubini. Kwa kuwa huandikwa kwa Kiingereza, mwombe daktari akuandikie pembeni: je, ni aina iliyotawanyika, au ni aina inayofanana na utumbo?

Aina hizo mbili zinatofautianaje?

Inayofanana na utumbo hukua kama uvimbe au kidonda, na kwa kawaida huja baada ya miaka mingi ya H. pylori: uvimbe sugu wa ukuta wa tumbo, kisha ukuta kunyauka, kisha seli kugeuka kuwa za aina ya utumbo, mwisho saratani. Iliyotawanyika haitengenezi uvimbe mapema. Seli zake, nyingine zenye umbo la pete, hupenya mojamoja chini ya utando, na baadaye tumbo lote hukakamaa. Hii ya pili ndiyo hufungamana zaidi na jeni ya CDH1.

CDH1 ni nini, na ilijulikanaje?

Ni jeni iliyo kwenye kromosomu ya 16. Hutoa maelekezo ya kutengeneza E-kadherini, protini inayozishikamanisha seli za ukuta wa tumbo kama gundi. Kila mtu ana nakala mbili. Aliyerithi moja mbovu hana shida mpaka nakala ya pili nayo iharibike ndani ya seli fulani, ndipo seli hiyo inapoachana na wenzake.

Ugunduzi ulichapishwa mwaka 1998 na Parry Guilford na wenzake wa Chuo Kikuu cha Otago, Nyuzilandi, kutoka familia ya Wamaori iliyokuwa imezika vijana wengi kwa saratani ya tumbo. Familia yenyewe ndiyo iliyowaendea watafiti na kushirikiana nao kuukusanya ukoo wake. Bila ukoo ule watafiti wasingejua watazame wapi.

Mwaka 2013 jeni nyingine, CTNNA1, ilitambuliwa katika familia zenye ugonjwa unaofanana. Zipo pia jeni ambazo saratani ya tumbo ni moja tu ya madhara yake: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2 za ugonjwa wa Lynch, unaoshambulia zaidi utumbo mpana na mji wa mimba, APC, TP53, STK11, SMAD4 na BMPR1A. Ndiyo maana siku hizi hupimwa jopo la jeni kwa pamoja badala ya CDH1 peke yake. Hakikisha maabara inatafuta pia vipande vikubwa vya jeni vilivyopotea, kwa sababu usomaji wa kawaida wa herufi za DNA unaweza kuvipita.

Mwenye CDH1 mbovu lazima augue?

Hapana. Makadirio ya mwanzo yalisema wanaume 70 kati ya 100 na wanawake 56 kati ya 100 wangeugua wakifika miaka 80. Yalitoka kwa familia zilizochaguliwa kwa sababu tayari zilikuwa na wagonjwa wengi, hivyo yalivimba. Utafiti uliochapishwa 2019, uliochukua familia za aina mbalimbali, uliyashusha hadi karibu asilimia 42 kwa wanaume na 33 kwa wanawake. Bado ni hatari kubwa mno. Wanawake wana pia uwezekano wa takriban asilimia 40 au zaidi wa saratani ya titi ya aina ya lobula, yaani inayoanzia kwenye vijitezi vya maziwa, inayojificha vizuri kwenye picha za kawaida za eksirei. Kwa mtoto wa mwenye jeni, uwezekano wa kuirithi ni nusu kwa nusu katika kila uzazi. Watoto wawili wa kwanza kusalimika hakumwongezei wa tatu hatari wala hakumpunguzii.

Nani apimwe jeni?

Mwongozo wa kimataifa wa 2020 unataja hali kadhaa. Kwa ukoo: wagonjwa wawili au zaidi wa saratani ya tumbo wa umri wowote, mmoja wao akithibitishwa kuwa na aina iliyotawanyika, au mmoja mwenye aina hiyo na ndugu mwingine mwenye saratani ya titi ya lobula kabla ya miaka 70, au wawili wenye saratani ya titi ya lobula kabla ya miaka 50. Kwa mtu mmoja: aina iliyotawanyika kabla ya miaka 50, au aina hiyo katika umri wowote, iwapo yeye au ndugu wa karibu alizaliwa na mdomo sungura, au saratani ya lobula kwenye matiti yote mawili kabla ya miaka 70.

Anza na mgonjwa. Hili halina mjadala pale anapokuwa hai. Mkimpima kijana mzima na majibu yakatoka safi, hamtajua kama amesalimika au kama ukoo una jeni nyingine ambayo kipimo hakikuigusa. Mkimpima mgonjwa na badiliko likaonekana, ndugu wengine hupimwa badiliko hilo moja tu, kwa bei nafuu, na jibu lao la "hana" ni la kuaminika. Familia nyingi hupoteza nafasi hii kwa kusubiri mgonjwa "apate nafuu kwanza". Saratani ya tumbo iliyogundulika imechelewa haitoi muda huo. Damu ichukuliwe mapema, hata kama kipimo kitalipiwa baadaye, kwa makubaliano ya maandishi na maabara itakayoihifadhi DNA.

Mgonjwa ameshafariki. Hakuna njia?

Ipo. Kinyama kilichokatwa wakati wa endoskopi, yaani kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni, au wakati wa upasuaji huhifadhiwa maabara ndani ya bloku ya nta. Omba kwa maandishi hospitali iliyomtibu, ukitaja namba ya faili na namba ya patholojia iliyo juu ya majibu. DNA ya kwenye bloku huwa imekatikakatika, hivyo kipimo hushindikana mara kwa mara. Inashindikana zaidi kama kinyama kilikaa kwenye formalini kwa siku nyingi au formalini haikuwa na kidhibiti cha asidi. Inayofaa ni ile yenye nguvu ya asilimia 10 iliyodhibitiwa, na kinyama kikae humo saa 6 hadi 72. Kwa daktari wa wilayani anayesoma hapa: kinyama kisisafirishwe ndani ya maji ya chumvi au pamba kavu. Tumia chupa yenye mdomo mpana, na formalini iwe mara 10 ya ujazo wa kinyama.

Damu ya kipimo cha jeni ichukuliwe na kutunzwaje?

Mililita 3 hadi 5, kwenye chupa yenye EDTA, dawa inayozuia damu kuganda, ile ya kifuniko cha zambarau. Igeuzwe taratibu mara 8 hadi 10, isitikiswe. Chupa ya kifuniko cha kijani ina heparini, ambayo huzuia kazi ya kunakili DNA maabara, na ile nyekundu hugandisha damu. Itunzwe kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, isigandishwe, ifike maabara ndani ya siku chache. Joto la Dodoma la Oktoba na Novemba haliruhusu kuiweka kwenye buti la basi ndani ya mfuko wa plastiki. Tumia kisanduku baridi, na weka kitambaa kati ya chupa na barafu.

Kosa la kusikitisha kuliko yote ni la karani: ndugu wanne wamepimwa siku moja, majina yamefanana, chupa zimebadilishana. Kila chupa iandikwe jina, tarehe ya kuzaliwa na namba palepale kando ya anayetolewa damu, kabla ya kumfikia anayefuata. Kama mtu ameongezewa damu hivi karibuni, maabara ijulishwe. Kipimo cha mate kinafaa pia: mililita 2, bila kula, kunywa, kuvuta sigara wala kutafuna chochote kwa dakika 30 kabla.

Majibu yamesema "badiliko lisilojulikana maana yake". Tufanye nini?

Msifanye uamuzi wowote kwa jibu hilo. Mabadiliko ya jeni hupangwa kwenye madaraja matano, kuanzia lisilo na madhara hadi lenye madhara, na hili liko katikati. Haliruhusu kumkata mtu tumbo, wala kuwapima ndugu wenye afya ili kutabiri hatari yao.

Waafrika hupata jibu hili zaidi, na sababu yake ni wazi. Hazina za kulinganishia zimejaa vinasaba vya watu wa asili ya Ulaya. Mwaka 2020 watafiti wa H3Africa, mradi wa kuchunguza vinasaba vya Waafrika, walisoma jenomu za watu 426 wa Afrika wakakuta zaidi ya mabadiliko milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Mengi ni ya kawaida tu kwetu, ila mashine haiwezi kusema hivyo mpaka watu wetu wengi wasomwe. Rudini kuuliza kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa sababu madaraja hubadilika.

Si tupimwe kwa kamera kila mwaka, yaishe?

Kwa wengi wenye historia ya familia bila CDH1, endoskopi ni kipimo kizuri. Kwa mwenye CDH1 ina upungufu: ugonjwa uko chini ya utando na tumbo huonekana safi. Ndiyo maana kwake uchunguzi hufanywa kila mwaka kwa utaratibu maalumu, usiopungua dakika 30, tumbo likioshwa na kupulizwa hewa mpaka litanuke vizuri, na vinyama 28 hadi 30 vikikatwa kutoka kila eneo kwa mpangilio, mbali na doa lolote lililoonekana. Endoskopi ya dakika 5 yenye vinyama viwili haimlindi mtu huyu. Mwambie daktari sababu ya kipimo kabla hujalala kitandani.

Kutoa tumbo lote ukiwa mzima! Kweli watu wanafanya hivyo?

Wanafanya, na kwa mwenye CDH1 yenye madhara iliyothibitishwa, ndani ya ukoo wenye saratani hiyo, ndiyo kinga inayopendekezwa, kwa kawaida kati ya miaka 20 na 30. Matumbo mengi yaliyotolewa hivyo hukutwa na vijiota vidogo vya seli za pete, ingawa si kila kijiota kingekuja kuwa ugonjwa. Maoni yetu: operesheni hii isifanywe mpaka majibu ya jeni yamethibitishwa, daktari mpasuaji ana uzoefu nayo, na kuna uhakika wa sindano za vitamini B12 maisha yote. Moja ya hayo likikosekana, endoskopi ya utaratibu uliotajwa hapo juu inafaa zaidi kwa sasa.

Baada ya hapo umio huunganishwa na utumbo mwembamba. Mtu hupungua uzito, mara nyingi asilimia 15 hadi 20. Anakula mara 6 hadi 8 kwa siku, sahani ndogo, akitafuna mpaka chakula kilainike, na vinywaji viachane na chakula kwa dakika 30. Mlenda hupita vizuri ila protini yake ni kidogo, basi uungwe na karanga zilizosagwa, au uliwe na yai, samaki au choroko zilizopondwa. Ugali wa uwele urudi taratibu, tonge dogo, uliopikwa laini. Hatari iko kwenye sukari ya majimaji: togwa, soda, chai ya sukari nyingi, juisi ya zabibu. Humiminika utumboni kwa mkupuo. Dakika 15 hadi 30 baadaye mtu anatoka jasho, moyo unaenda mbio, anaharisha. Na saa 1 hadi 3 baadaye sukari ya damu inaweza kushuka mpaka akatetemeka.

B12 huchomwa mikrogramu 1,000 kwa mwezi. Mwili una akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo anayeacha sindano hajisikii chochote kwa muda mrefu, kisha ganzi ya miguu inaingia na wakati mwingine haiondoki tena. Kwenye kadi ya kliniki iandikwe kwa wino mwekundu. Huongezwa pia madini ya chuma, vitamini D na kalsiamu, ikiwezekana ya sitrati, kwa kuwa ile ya kabonati huhitaji asidi ambayo sasa haipo.

H. pylori inahusikaje kama shida ni jeni?

Inahusika sana, na hapa ndipo familia ina nguvu. Utafiti wa Korea uliochapishwa 2020 ulichukua watoto, wazazi na ndugu wa wagonjwa wa saratani ya tumbo waliokuwa na H. pylori. Kwa muda wa takriban miaka 9, waliotibiwa waliougua walikuwa asilimia 1.2, wasiotibiwa 2.7. Mwaka 2023 utafiti mkubwa wa Japani ulionyesha kuwa jeni na bakteria vikikutana, hatari hupanda mno: mwenye kasoro kwenye BRCA1, BRCA2, ATM au PALB2, jeni zinazosaidia kurekebisha DNA iliyoharibika, na pia ana H. pylori alikadiriwa kufikia asilimia 45.5 akiwa na miaka 85, wakati mwenye bakteria bila kasoro hizo ni 14.4. Jeni huwezi kuitoa. Bakteria unaweza.

Pima kwa choo, kipimo cha antijeni, au kwa pumzi kama kipo. Kipimo cha damu cha kingamwili hakitofautishi maambukizi ya sasa na ya zamani. Omeprazole na dawa za jamii yake zisimamishwe wiki 2 kabla, antibayotiki wiki 4, la sivyo majibu yatadanganya. Wengi hupotea hapa, kwa sababu wananunua omeprazole duka la dawa kila maumivu yanaporudi.

Tiba huandikwa na daktari na hukaa siku 14. Mchanganyiko wa omeprazole, bismuthi, tetrasaiklini na metronidazole unapendelewa pale ambapo usugu dhidi ya antibayotiki ya clarithromycin upo, na watafiti wa Mwanza wamekwisha kuuripoti kwa wagonjwa wao. Tetrasaiklini isinywewe pamoja na maziwa, wala isipewe mjamzito au mtoto wa chini ya miaka 8. Metronidazole haipatani na pombe, iwe mvinyo au ya mtama. Bismuthi huufanya choo kuwa cheusi, usishtuke. Maliza dozi, kisha pima tena wiki 4 au zaidi baadaye. Kipimo hiki cha pili ndicho kinachorukwa sana, na bila hicho hujui kama umepona.

Mwenye CDH1 naye atibiwe, ingawa kuondoa bakteria hakuchukui nafasi ya hatua nyingine.

Watoto wapimwe jeni?

Za CDH1, hapana, mpaka wafikie umri wa kuamua wenyewe.

Kuna dawa ya miti shamba ya kuondoa jeni?

Hakuna, wala hospitali hakuna.

Watafiti wamekuja kuomba damu ya ukoo wetu. Tukubali?

Utafiti kama huu tunauhitaji, kwa hiyo tunawahimiza mshiriki, mkiwa mmejiridhisha. Ombeni kuona kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili na isomwe kwa sauti, na mzee asiyesoma awe na shahidi anayemchagua yeye. Ulizeni kama sampuli itavuka mpaka, na kama mkataba wa kuhamisha sampuli upo. Itatunzwa muda gani. Na kubwa kuliko yote, kama jeni hatari ikionekana, nani ataleta majibu, lini, na nani atagharamia hatua inayofuata. Mtu anaweza kujitoa wakati wowote bila kukosa matibabu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za kijenetiki miongoni mwa taarifa nyeti, hivyo majibu yako hayapelekwi kwa mwajiri wala kwa wakwe bila ridhaa yako.

Twende wapi, na lini tusisubiri?

Anzeni kituo cha afya na daftari la ukoo mkononi, muombe rufaa ya mkoa. Kutoka hapo Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), hupokea rufaa za kanda ya kati, na Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam. Siku ya endoskopi usile chakula kigumu saa 6 hadi 8 kabla, maji yakome saa 2 kabla, na uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani kama utachomwa dawa ya usingizi.

Msisubiri tarehe ya kliniki kama kuna kutapika damu au choo cheusi cha kunata bila kutumia bismuthi wala vidonge vya chuma, kutapika kila kinacholiwa, kukonda bila sababu, kushiba kwa matonge mawili, au upungufu wa damu usioelezeka. Mwenye dalili hizo na ndugu aliyeugua asipewe omeprazole ya mwezi mzima "tuone kwanza". Aandikiwe endoskopi wiki hiyo hiyo.